Miguu ya Amos Tolley

Jumapili ya tatu ya Machi, saa nne kasorobo asubuhi, Muriel Tolley alikuwa akimimina chai kwenye vikombe vya bati, kibandani kwa wachimbaji, wakati wanaume watatu walipotoka kwenye handaki la mfereji wametapakaa tope hadi magotini. Wa kwanza akaomba sukari vijiko viwili. Wa pili akasema kule ndani, mita mia nne hivi kutoka mlangoni, kuna miguu imechomoza ukutani, nayo inatembea. Muriel akauliza imevaa nini. Wakamwambia buti. Akampa wa tatu biskuti yake.

Mfereji wa Wrenlow ulianzia kwenye machimbo ya makaa ya mawe, ukashuka milango ya maji kumi na minane, ukatoboa kilima cha Sallow, ndipo ukaingia mtoni. Reli iliuchosha, malori yakauzika. Kwa miaka mingi ulikuwa jaa la magodoro na baiskeli mbovu, mpaka Chama cha Marafiki wa Mfereji kilipoanza kuufukua kila Jumapili, miaka kumi na minne mfululizo. Hawakuwa wavivu watu wale, haki yao tuwape. Handaki lilikuwa jembamba, halina njia ya farasi wa kuvuta boti. Zamani farasi alizungushwa juu ya kilima, na watu wakalala chali kwenye ubao uliolazwa juu ya boti, nyayo zikiwa ukutani, wakautembea ukuta hivyo hivyo mpaka upande wa pili. Amos Tolley, baba yake Muriel, aliifanya kazi hiyo miaka tisa.

Mwaka 1931 ubavu wa handaki ulipasuka, Amos akatumwa ndani kuangalia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni ya mfereji ilijenga ukuta, tena kwa siku mbili tu, maana boti za makaa zilikuwa foleni. Amos hakuonekana tena. Kampuni ikasema amekimbia na mhudumu wa baa, ingawa hakuna baa iliyopungukiwa mhudumu. Watu wakasema lisemwalo lipo. Florrie, mkewe, akaishi miaka ishirini na sita akiulizwa dukani kama barua imefika. Muriel hakuposwa. Nani aoe mbegu ya mtoro?

Jumapili hiyo hiyo ya Machi Muriel aliingia handakini na tochi. Miguu ilitoka ukutani kuanzia mapajani, imelala sambamba na maji, ikikanyaga hewa polepole. Kisigino cha buti la kushoto kilikuwa na kiraka cha ngozi ya hatamu, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Mshono ule ulikuwa wa Florrie. Muriel akautazama mpaka tochi ikafifia, kisha akarudi kuosha vikombe.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Bwana Pargeter, daktari wa meno mstaafu. Muriel alimfuata ofisini.

"Huyo ni baba yangu," alisema. "Hakwenda popote. Bomoeni ukuta nimzike na mama, na muandike kwamba hakukimbia."

Bwana Pargeter alisikitika, na alisikitika kwelikweli. Akasema uzinduzi ni Mei, wazungumze baada ya uzinduzi.

Mei ikaonekana kwamba miguu ile ni baraka. Injini zilikatazwa handakini kwa ajili ya moshi, na boti iliyofikishwa pale kwa upondo ilisukumwa na Amos ubavu mzima, kwa nguvu ya kutosha kuifikisha nje. Mabasi ya watalii yakaanza kuja. Bwana Pargeter akasema wangoje msimu uishe. Julai akasema mhandisi anadai ukuta ndio ulioshika kilima.

"Na tukimtoa, Bi Muriel," akaongeza, "boti atazisukuma nani?"

Mlangoni mwa handaki wakapigilia kibao: MTORO WA SALLOW. ALIMKIMBIA MKEWE MWAKA 1931. MAJUTO YAMEMRUDISHA KAZINI. Muriel aliomba kibadilishwe. Akaambiwa rangi imeshakauka na wageni wanakipenda. Iliuma, na hakuna aliyemuuliza kama inauma.

Jumamosi moja ya Septemba alikata tiketi kama wengine, akavua viatu, akajilaza kwenye ubao wa zamani uliowekwa kwa maonyesho. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Colin, kijana mwenye upondo, akawachekesha abiria.

"Shika nguo zako, mama, mtoro asije akakutorosha na wewe."

Muriel alipokuwa na miaka minne, baba yake alikuwa akilala chali mbele ya jiko kila jioni, wakawekeana nyayo kwa nyayo, wakasukumana. Baba alisukuma kidogo, kisha akajikunja polepole mpaka magoti yakamgusa kifua, akasema, "Haya, umeshinda, mama mkubwa." Muriel alishinda kila siku.

Boti ilipofika, nyayo zake zikakutana na buti. Baridi ikapenya soksi. Miguu ya ukutani ikasita, kwa mara ya kwanza tangu Machi, na boti ikasimama. Ikamsukuma kidogo. Naye, bila kukusudia, akasukuma.

Basi miguu ikaanza kujikunja. Ikarudi nyuma taratibu ndani ya matofali, mapaja, magoti, vifundo, na mwisho kile kisigino chenye uzi mwekundu. Ukuta ukabaki mkavu.

"Baba," alisema Muriel kwa sauti ndogo, "leo sikutaka kushinda."

Colin akashika upondo. Nje abiria wakauliza choo kiko wapi.

Wakangoja wiki tatu, miguu isitoke. Chama kikanunua mota ya umeme. Bwana Pargeter akamletea Muriel keki, akamsihi asijilaumu, na asipande boti tena. Muriel akasema sasa hakuna wa kusukuma, basi wabomoe.

"Lakini Bi Muriel," alisema Bwana Pargeter kwa upole, "sasa humo hamna mtu."

Jumapili iliyofuata fundi rangi alifika mapema. Muriel akampa chai, yeye akapanda ngazi, akaongeza mstari mmoja chini ya kibao: MWAKA 1988 AKAKIMBIA TENA.