Mahari ya Hisa

Kaka yangu Burito alipopunguzwa kazi kiwandani, wenzake walinunua nyavu, baiskeli na mabati, na wengine walikunywa tu. Yeye kiinua mgongo chake chote alinunulia hisa za kampuni ya bia. Na bia yenyewe hajawahi kuionja, maana siku ya kipaimara aliapa, na Burito akiapa ameapa. Mtaa wetu mzima wa Nyasho ulisema amerukwa na akili. Mimi nilisema hivyohivyo, kisha nikaenda kununua za kwangu, kwa sababu sipendi kupitwa.

Wa tatu alikuwa Stanislausi, fundi cherehani, aliyeweka nyumba yake rehani benki ili anunue hisa, na tangu siku hiyo halali vizuri. Kila Jumamosi jioni tulikaa barazani kwangu na redio, tukisubiri wasome bei za soko la hisa. Tulizungumza bei ya mchele, ada za shule, riba ya Stanislausi, na kama kweli watu wa Mwanza wanakunywa vya kutosha. Burito alikuwa na mtindo wa kuingia baa, kutafuta meza zenye chupa za kampuni yetu na kuwaambia wanywaji, "Asanteni sana kwa kuniungisha." Mara mbili alitolewa nje kama mlevi.

Mwaka ule wa elfu mbili, Thadeo, mwanawe, akasema amempata mchumba: Dorotea, mwalimu wa chekechea ya parokia kule Butiama, binti wa Mzee Wanzagi. Tulifurahi mpaka tulipokumbuka mahari. Burito hakuwa na ng'ombe hata wa dawa. Hisa nazo, kuziuza ni mpaka dalali wa Dar es Salaam, tena bei ilikuwa imelala. Na kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo wa Nyamuswa, mtu mzima mwenye mke tayari, ambaye alikwisha kumwahidi Mzee Wanzagi ng'ombe kumi na wawili. Dorotea alimwambia Thadeo kwamba baba yake angejibu kabla ya mwezi kuisha.

"Tutampelekea hisa," Burito akasema.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

Basi tukaenda Butiama, Burito, mimi kama shangazi wa kijana, na Stanislausi kama mshenga, na sato wakavu wa kutosha kufungulia mazungumzo. Mzee Wanzagi alitupokea vizuri. Mlangoni palikuwa na upinde umeegemezwa, na zizi lake kubwa lilikuwa na ng'ombe watano tu. Wezi walimjia mara mbili katika miaka mitatu. Mkewe alitukaribisha ndani, Dorotea akaleta chai, akasalimia kwa kupiga goti na kurudi jikoni.

Stanislausi alieleza. Nilitegemea tufukuzwe papo hapo, lakini Mzee Wanzagi alivuta kiti chake karibu.

"Hizo hisa zinazaaga?"

"Zinazaa, mzee," Burito akajibu. "Kila mwaka kampuni inagawa faida. Wanaita gawio."

"Na zinakula nini?"

"Hazili kitu. Hata ukame ukija, wewe huna habari."

"Anazichunga nani?"

"Kuna wakurugenzi, wako Dar es Salaam."

Mzee akafikiri. Kwetu ukimpa mtu ng'ombe akutunzie, maziwa ni yake, ndama ni wako. Kila mtu analijua hilo.

"Hao wachungaji wanakunywaga maziwa?"

Stanislausi, mwenye riba yake kichwani, akamwahi Burito kujibu. "Wanakunywa, mzee. Tena wanaanza wao."

"Basi ni ng'ombe tu," Mzee Wanzagi akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Kisha akashusha sauti. "Na wezi?"

"Mwizi ataiba nini, mzee? Jina lako liko kwenye kitabu cha kampuni. Hata waje na bunduki usiku, hakuna cha kuswaga."

Mzee aligeuka akatazama zizi lake, akalitazama kwa muda. Nilimwona macho. Mtu aliyelala na upinde miaka mitatu alikuwa anakionea tamaa kitu kisichoibika. Nikajua tumepata mke.

"Na bei yake?"

"Inapanda na kushuka," akajibu kaka yangu, ambaye uongo hauwezi hata wa kujiokoa. "Jumamosi hii imeshuka kidogo."

Ningekuwa karibu ningemfinya.

"Imeshuka. Na nani anajuaga kama imeshuka?"

"Nchi nzima, mzee. Wanasoma redioni."

Mzee Wanzagi akasimama. "Yaani redio isome mahari ya mtoto wangu? Watu wa Butiama wakae na chai yao wasikilize, leo Dorotea ameshuka?" Akatikisa kichwa. "Hapana, jamani. Mmenifurahisha, lakini hapana. Yule wa Nyamuswa ataleta ng'ombe, nitawahesabu, yataisha."

Nilimkasirikia Burito na ukweli wake, nikaikasirikia redio, nikajikasirikia mimi niliyevaa kitenge kipya kwa ajili ya kufedheheka. Dorotea alikuwa ameingia kukusanya vikombe. Akaweka sinia chini. Binti anayejadiliwa hasemi, na sote tulimkodolea macho.

"Baba," akasema, wala hakupandisha sauti, "bei yangu mnaisomaga kila mnada. Tangu niko darasa la nne, ukitoka mnadani Bunda unamwambia mama, ng'ombe wamepanda, Dorotea naye amepanda. Mwaka wa ukame ulisema nimeshuka. Nilikuwaga jikoni, nasikia."

Mzee akamtazama mkewe aliyesimama mlangoni, kama mtu anayeomba shahidi.

"Ulikuwaga unasema," mkewe akajibu.

"Ulikuwa utani."

"Najua, baba," Dorotea akasema. "Lakini mimi nilikuwaga sicheki."

Mzee Wanzagi akakaa. Nilimhurumia, kusema kweli, maana alimpenda mtoto wake na ilionekana wazi kwamba jambo hilo halijawahi kumpitia kichwani. Alisugua magoti yake kwa viganja, kisha akamgeukia Burito.

"Hizo hisa, wanaandika jina la nani?"

"La utakayemtaja, mzee. Lako, la kijana wako, lolote."

"Hata la mwanamke?"

"Za kwangu zimeandikwa Marcelina," nikadakia kabla kaka yangu hajaharibu tena. "Na gawio linakuja kwa Marcelina. Hakuna mwanamume anayelishika."

Mzee akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Basi mwandikieni Dorotea mwenyewe. Mimi nileteeni mtamba mmoja, watu wasije wakasema nimemtoa bure. Yule wa Nyamuswa nitamwambia mimi."

Nikapiga kigelegele, machozi yakanitoka, nikasema mtamba nitanunua mimi. Mama wa Dorotea akaniitikia kutoka mlangoni. Stanislausi alisahau riba yake, akamkumbatia Mzee Wanzagi bila kuomba ruhusa.

Burito peke yake alikuwa akichezesha midomo, na nilijua anapiga hesabu. Halafu uso ukamng'aa. Akaniinamia sikioni, lakini kaka yangu hajui kunong'ona.

"Dada, umeona? Zinatoka nyumbani kwangu, zinarudi nyumbani kwangu!"

Dorotea alikuwa amefika mbele yake kuchukua kikombe.

"Hazirudi kwako, baba mkwe," akasema kwa heshima zote. "Zinakuja kwangu."

Burito akamtazama, akaufunga mdomo, akampa kikombe kwa mikono miwili.