Madeni ya Chaki

Fomu ya kuomba kutangazwa mufilisi ilikuwa na kurasa kumi na nne, na Fundi alikuwa amekwama ukurasa wa pili tangu asubuhi. Ukurasa wa kwanza ulitaka jina, umri na mahali anapoishi, mambo ambayo mtu hawezi kuyakosea hata akiwa na homa. Wa pili ulitaka kazi yake. Aliandika "nashona sare za shule", akafuta. Akaandika "nilikuwa nashona sare za shule", akaona huo nao ni uongo, maana jana tu alipandisha pindo la suruali ya jirani. Akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.

Tumwonee huruma. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, aliyeanza kukanyaga cherehani akiwa na kumi na sita, hakuzoea kuhojiwa na karatasi. Wateja humwuliza "tayari?" naye hujibu "kesho", na kwa swali hilo moja na jibu hilo moja aliendesha duka lake miaka yote.

Kilichomfikisha hapo hata mtoto angeweza kukieleza. Shule kubwa ya pale mjini ilivaa rangi ya damu ya mzee tangu Fundi hajaota jino la ukubwani. Mwaka jana aliamua kuwatangulia mafundi wenzake. Akakopa benki, akakopa kwa muuza vitambaa, akakopa kwenye chama cha akina mama, akanunua majora ya kitambaa na kushona sketi mia tatu na kumi kabla muhula haujafunguliwa, kila moja na marinda yake yaliyolala sawasawa. Muhula ukafunguliwa. Mwalimu mkuu mpya akasimama mbele ya wazazi akatangaza kwamba kuanzia sasa shule itavaa buluu. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu hakuwa na wa kumlaani. Sketi zilijaa dukani mpaka dirishani, na wakopeshaji wakaanza kupiga simu kwa zamu.

Maji yalipomfika shingoni, na fomu nayo ikamshinda, mtu akamwelekeza kwa wakili aliyekuwa akitoa ushauri bure kila Jumanne. Fundi alimkuta binti mwembamba mwenye miwani, wa umri wa kuwa mwanawe, ameketi nyuma ya meza iliyowekewa kipande cha boksi chini ya mguu mmoja ili isiyumbe.

"Shikamoo, mama. Umeleta vitabu vya hesabu?"

"Marahaba. Nimeleta."

Fundi akaifungua foronya aliyokuja nayo na kuimwaga mezani. Vikatoka vipande vya kitambaa, vingi, vikubwa kwa vidogo, vyote vimeandikwa kwa chaki.

"Hivi ni nini?" wakili akauliza.

"Hesabu."

Kumbe ndivyo alivyofanya siku zote. Karatasi dukani hupotea, hufagiliwa na mabaki, lakini kitambaa Fundi hakitupi hata kiwe kidogo kama kiganja. Akikopa, huchukua kipande na kuandika jina na kiasi kwa chaki yake ya kukatia. Akilipa, hupangusa kwa mkono, na kipande kinarudi kazini.

"Sawa," wakili alisema polepole. "Na ushahidi wa yale uliyokwisha kulipa?"

"Nimeupangusa."

"Kwa nini?"

"Si nimelipa?"

Wakili alivua miwani, akaisafisha ingawa haikuwa chafu, akaivaa tena. Kisha akaanza kumweleza tangu mwanzo. Mahakama ikimtangaza mufilisi, atawekwa msimamizi. Msimamizi atauza kinachouzika, atawagawia wanaomdai, na mwisho wa yote Fundi atasamehewa kilichobaki. Cherehani moja ataachiwa, kwa sababu ni kitendea kazi. Lakini fomu lazima iwe kweli tupu, maana anaapa. Akificha jambo moja tu, msamaha unaweza kufutwa, na cherehani iende na maji.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alielewa kila neno peke yake. Yalipokusanyika ndipo yalipompotea. Atalipa kwa kutolipa? Na wanaomdai watagawiwa sketi ambazo hata yeye zilimshinda kuuza? Alitamani kuuliza, ila hakujua ashike lipi aache lipi.

Wakili alikuwa akivipanga vipande. "Benki. Muuza vitambaa. Chama cha akina mama. Mwenye nyumba. Na huyu Msomi, laki nane, ni nani?"

"Ah, huyo mrudishie kwenye foronya. Ni mdogo wangu."

"Anakudai?"

"Alinipa nilipie majora ya mwisho. Nikaandika ili nisisahau kumrudishia."

"Basi anaingia kwenye orodha, mama. Na kila aliye kwenye orodha hutumiwa barua nyumbani kwake."

Barua za nyumbani kwa Msomi hufunguliwa na mke wake. Na mke wake, wifi yake Fundi, anaamini kwamba laki nane zile zililipia mabati ya nyumba wanayojenga, nyumba ambayo imesimama kwenye linta mwaka mzima, haina paa, na Msomi amekuwa akimsingizia fundi bati.

"Mahakama haiwezi kuruka ndugu?"

"Mahakama haina ndugu, mama. Fikiria, kisha uje Ijumaa nikusaidie kujaza."

Siku hiyo Fundi hakula. Benki ingechukua duka, sawa. Sketi wazichukue, na ahsante. Hata jina lake libandikwe ukutani mahakamani wapita njia walisome, atavumilia; aibu ni ya siku mbili tatu. Lakini Msomi ndiye pekee aliyebaki wa tumbo la mama yao. Akimwandika, anaivunja nyumba ya mdogo wake. Asipomwandika, ameapa uongo, na hata hiyo cherehani moja ataikosa. Alilala na swali hilo, akaamka nalo limenenepa.

Alhamisi alimpigia simu. Msomi alikuja mchana, na viatu vyake vya kazi vyenye udongo, maana alikuwa mpima ardhi na siku nzima hutembea mashambani kwa watu kuwaonyesha mipaka yao. Alijipenyeza katikati ya sketi, akakaa juu ya jora.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wamekutangazia huko kwamba dada yako anafilisika?"

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenitangazia."

Fundi akamweleza yote: fomu, barua, kiapo. Alitegemea Msomi ashtuke kwa habari ya mkewe. Badala yake Msomi alichukua ile fomu na kupekua mpaka ukurasa wa nane.

"Umekosea ukurasa," alisema. "Huku mwanzo ni wanaokudai. Mimi niandike huku, kwa unaowadai."

"Nakudai nini mimi?"

Msomi akatoa daftari dogo mfukoni, lililokunjika kwa kukaliwa. Akasoma kama anayewasomea watu vipimo vya kiwanja. Mihula kumi na minane. Karo ya kila muhula. Viatu jozi tano. Godoro la bweni. Miwani, iliyopotea, na miwani ya pili. Baba yao alipofariki, Fundi alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule wiki ileile, akashika cherehani ya mama, na Msomi akaendelea kusoma mpaka akapata jina lake.

"Zile laki nane hazikuwa mkopo," alisema. "Nilianza kukulipa. Ile ilikuwa awamu ya kwanza."

Fundi alimtazama. Hasira ilimpanda, tena hasira kweli, na hakujua imetoka wapi. "Miaka yote hii umekuwa ukinihesabia?"

"Ningekosaje kuhesabu?"

"Mimi sikuhesabu."

"Najua. Wewe hata kwenye kitambaa hukuandika."

Akiwa bado na hasira, Fundi akampigia wakili, akamweleza kwamba mambo yamegeuka, kumbe yeye ndiye anayedai. Kisha wakili akamwambia kwa upole kwamba akimwandika Msomi ukurasa wa nane, hiyo inakuwa mali yake, na msimamizi atamfuata Msomi amlipe yote, ili wagawiwe wenye madai. Benki kwanza.

"Yaani akilipa deni langu," Fundi alisema, "anailipa benki?"

"Ndiyo, mama."

"Benki ndiyo iliyoacha shule?"

Wakili alisema tu kwamba ipo njia ya tatu. Kama Msomi alitoa zile pesa bila kutegemea kurudishiwa, basi kisheria ni zawadi. Zawadi haiandikwi kwa wanaomdai wala anaowadai. Inaelezwa kwa mistari miwili kwenye ukurasa wa kumi na mbili, mtoaji anaweka saini, na hakuna barua inayokwenda nyumbani kwa mtu. Fundi akarudia maneno hayo kwa sauti, mojamoja, kama anayehesabu vifungo.

"Siweki saini hiyo," Msomi alisema.

"Kwa nini? Mkeo hatajua."

"Mke wangu nitamwambia mwenyewe, na paa litasubiri. Zawadi mtu humpa asiyemdai. Nikisema nilikuzawadia, nimesema wewe hukunifanyia kitu."

"Mimi nimesema hivyo?"

"Karatasi itasema."

Akaondoka na daftari lake. Fundi alibaki na fomu mapajani, kichwa kikimzunguka kama pia. Wakopeshaji wote wa mji huu hudai walipwe. Aliyekataa kusamehewa ni mmoja tu, naye wamezaliwa tumbo moja.

Ijumaa alifika ofisini kwa wakili akiwa ameamua kusema kweli yote, watakalofanya wafanye. Akamkuta Msomi ameshakaa, amevaa shati la kupigwa pasi. Hakuna aliyemwita. Walisalimiana kama watu waliogongana benki.

Wakili alimgeukia Msomi. "Nitakuuliza swali moja, unijibu kweli. Siku ulipompa dada yako laki nane, ulitegemea akurudishie?"

Msomi alitazama kile kipande cha boksi chini ya meza. "Hapana."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nilitegemea kumrudishia."

"Hilo la kwako halina ukurasa humu," wakili alisema. "Tutaeleza kwamba uliandika kwenye kitambaa kwa nia yako mwenyewe. Na ile karo, mlikubaliana kwamba atakulipa?"

"Alikuwa na miaka kumi na mbili," Fundi alijibu. "Ningekubaliana naye nini?"

"Basi haikuwa mkopo." Wakili akaandika mistari miwili na kumsogezea Msomi kalamu. Msomi aliishika muda mrefu kuliko saini inavyostahili. Halafu akaweka saini, herufi ndogondogo zilizojibana pembeni kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti asichokaribishwa.

Saa sita kasoro fomu ilikuwa imejaa. Kwenye nafasi ya kazi, juu ya kile kitundu, wakili alibandika kipande cha karatasi na kuandika "fundi cherehani", maneno mawili tu, na Fundi akashangaa kwa nini hakuyafikiria yeye.

Nje walisimama kwenye ngazi, wote wawili wakitazama barabara. Fundi alitegemea kupata nafuu. Hakuipata, wala hakupata huzuni. Alijiona tu kama mtu aliyetoka nyumbani akiwa na hakika kuna kitu amesahau.

"Umeniokoa," alisema, ili aseme kitu.

"Wewe, ndiyo." Msomi alilishika daftari mfukoni. "Ile ndiyo awamu pekee niliyokuwa nimelipa, dada. Nimeifuta kwa saini yangu. Sasa deni unalonidai liko palepale, zima, na nikikulipa mwaka huu watachukua wao. Wewe unasamehewa na mahakama. Mimi ananisamehe nani?"

Fundi alifungua mdomo amwambie asilete upuuzi, kwamba hapajawahi kuwa na deni, kwamba ndugu hawadaiani. Akamwangalia usoni, akaona kwamba hayo yote ameyasikia kwa miaka thelathini na sita na hayajamsaidia siku moja.

Akapekua foronya yake. Akatoa kile kipande chenye jina la Msomi, laki nane zikisomeka bado. Akazipangusa kwa kiganja, lakini jina akaliacha. Kisha akatoa chaki mkobani, akaketi kwenye ngazi, akatandaza kitambaa gotini.

"Haya, toa daftari," alisema. "Soma."

Msomi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, akakaa ngazi ya chini yake na kuanza kusoma, muhula wa kwanza, muhula wa pili, naye Fundi akaandika kila kitu, karo, viatu, godoro, miwani na miwani ya pili, kwa herufi ndogo ili vienee. Watu waliopanda ngazi waliwapita kwa pembeni. Pale chini kabisa pakabaki nafasi ya kidole.

"Kuna kingine?"

"Hakuna."

"Umelipa," alisema Fundi, na akapangusa.

Alipangusa mara tatu, kwa nguvu, mpaka kiganja kikawa cheupe. Kitambaa cha rangi ya damu ya mzee hakiachii chaki yote. Alama zilibaki, hafifu, ukikielekeza juani. Hakujua kama amelifuta deni au ndiyo kwanza ameliandika. Msomi alikichukua kile kipande, akakikunja mara nne, akakitia ndani ya daftari. Kisha akampa dada yake mkono asimame.