Besi Iliyopotea Thika

Mwelu hakuwa na kompyuta. Hakuwa na kinanda chake, wala chumba cha kurekodia, wala mtu Nairobi wa kumpigia simu, na simu yenyewe hakuwa nayo. Hakuwa na ule mtambo wa studio unaoifanya besi ishuke kidogo kila ngoma inapopiga. Alikuwa na mashine ya kuazima inayotoa ngoma na besi, siku ya Jumapili tu nje ya shamba la maua alikofunga mawaridi, na mimi, Urbanus Kitheka, fundi wa redio hapa Ruiru.

Mwaka huo, 1996, ukumbi mmoja wa disko mjini Thika ulitangaza kwamba unatafuta mtu mmoja wa kupiga muziki alioutunga mwenyewe, kila Jumamosi. Kanda zitumwe kwa posta kabla ya mwisho wa Agosti. Mwelu aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumsikia akikitaja.

Muziki wake ulikuwa na shida moja. Ngoma nzito, ambayo vijana huiita kiki, na besi hukaa mahali pamoja, chini kabisa. Zikilia pamoja unasikia matope. Lazima moja iipishe nyingine. Basi nikaunda kisanduku. Kiki ikipiga, inawasha taa ya tochi ndani yake. Mbele ya taa nimeweka kipande kinachohisi mwanga, nacho kinaishusha besi kufumba na kufumbua, kisha kinaiachia. Mwelu alipoona taa ikiwaka na kuzima kwa kufuata ngoma alicheka hadi akakaa chini.

"Mzee, wewe ni noma."

"Mimi ni fundi," nikamwambia.

Siku ya kwanza besi ilitoka nyembamba kwenye spika zangu mbili za dukani. Nikageuza waya mbili za upande wa kushoto, pale inapotokea kwenye kisanduku, na mara besi ikajaa duka zima, misumari ikatetemeka ndani ya kopo. Tukarekodi. Mwelu akaandika anwani ya duka langu kwenye bahasha, akataja kwamba fundi anayemfundisha mitambo ni mimi, akaituma kanda.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, limetiwa sahihi na meneja, Bwana Wainaina. Nalinukuu, maana nimelisoma hadi karatasi ikalegea: "Kanda yako ina kiki tupu. Besi hakuna. Huyo anayekufundisha mitambo arudi shule."

Arudi shule. Mimi niliyeingia ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na miaka arobaini na tatu, nikikaa kwenye dawati la watoto magoti yakigonga kidevu. Mimi niliyesoma umeme jioni kwa miaka minne, baada ya kubeba magunia ya kahawa mchana kutwa. Nilichukua kalamu nikamwandikia kurasa tatu. Nilimuuliza masikio yake aliyanunua wapi. Nilimuuliza ni nani aliyempa kazi ya kuhukumu jasho la watu. Nilikuwa nikitafuta bahasha Mwelu alipoingia na redio ndogo ya kaseti chini ya kwapa.

"Usitume kwanza," akasema. "Hii ni redio ya Zahra, tunaishi plot moja. Nimepiga nakala yetu hapa. Besi haiko, Mzee."

"Redio ya Zahra ni mbovu."

"Ya Zahra inacheza nyimbo zingine zote na besi zao. Yetu tu ndiyo imehama."

"Nani amekutuma kunipima?"

"Hakuna mtu. Lakini nikikosa Thika kwa sababu hutaki kusikiza, nitakukumbuka vibaya."

Hayo ni maneno ya kumwambia mtu wa umri wangu? Hata hivyo nikabonyeza. Redio ya Zahra ina spika moja. Kiki ikagonga peke yake, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Fundi wa redio akisikia hivyo anajua. Upande mmoja unasukuma huku wa pili unavuta. Ukichanganya sauti za pande zote mbili kwenye spika moja, zinauana. Nikachukua betri ya tochi nikaigusisha kwenye waya za spika ya kulia ya dukani. Karatasi ya spika ikasogea mbele, inavyotakiwa. Nikagusa ya kushoto vilevile. Ikarudi nyuma.

Ile ya kushoto niliitengeneza mwaka 1971, kabla ya ngumbaru. Waya zangu zote ni za kuokota, za rangi moja, kwa hiyo huwa nafunga fundo kwenye waya wa chanya. Wakati ule nilifunga fundo kwenye hasi. Tangu nipate cheti sikuwahi kuipima tena, kwa kuwa nilijiona nimeshajua. Kisha nikageuza upande mmoja wa kisanduku ili ukubaliane na spika iliyokosewa, nikajisifu mbele ya mtoto wa watu.

Mwelu alichukua bisibisi, akanikabidhi. Afadhali angenitukana.

Tulirudisha waya za kisanduku na za spika mahali pake, tukarekodi upya. Ilipolia kwenye redio ya Zahra, kiki iligonga na besi ikainuka nyuma yake, kila moja na nafasi yake. Nikazichana zile kurasa tatu, nikaandika moja.

"Bwana Wainaina. Kosa la kanda ya kwanza ni langu, U. Kitheka, wala si la Mwelu. Niliunganisha waya kinyume. Hii hapa iliyosahihishwa. Isikilize kabla hujamrudisha mtu shule. Nawe ulikosa. Binti amekutumia kazi ya miezi mitano, ukamjibu kwa matusi ya mstari mmoja badala ya kumuuliza. Shule nilirudi, nikiwa mtu mzima. Wewe ukitaka kujifunza adabu, madarasa ya jioni bado yapo."

"Toa hiyo ya mwisho," Mwelu akasema.

"Siitoi."

"Mzee."

"Kosa langu nimeliandika kwa wino. Na lake litaandikwa."

Alinitazama, kisha akatabasamu kidogo na kunisogezea kanda. Nikaitia ndani, nikalamba gundi, nikabana bahasha kwa kiganja hadi ikashika. Tulitembea pamoja hadi posta, na yeye ndiye aliyeitumbukiza.