Mstari wa Jina la Mama

Fomu ya mtihani wa kidato cha nne ilikuwa na mistari kumi na minne, na Agnesi alikwisha kujaza kumi na mitatu. Uliobaki ulikuwa wa jina la mama.

Baba yake mdogo, Pastory, aliyekuwa akimlea pale Katubuka, mjini Kigoma, hakuona ugumu wowote. Aandike Rozalia, mke wake, yaishe. Rozalia alikuwa Mha wa Kasulu na hajawahi kuulizwa swali na mtu. Pastory hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwoga wa karatasi, na mwaka ule wa tisini na tisa waoga wa karatasi walijaa Kigoma nzima. Ukijulikana tu una ndugu Mrundi, watu wanakutazama kwa jicho la pembeni.

Mama aliyemzaa Agnesi ni Veneranda. Alivuka ziwa mwaka sabini na mbili, angali msichana mdogo, akaolewa na Oswald wa kijiji cha Mwamgongo, wakaanika dagaa pamoja mpaka Oswald alipofariki. Kirundi chake kilishazama ndani ya Kiha hata mawifi hawakusikia tofauti. Kisha, miaka miwili iliyopita, askari walipita kijijini wakiwakusanya wakimbizi walioishi nje ya kambi, wakamuuliza kwao ni wapi. Sasa, watu wa pale wakiulizwa kwao hawataji wanapolala. Hutaja walipozikwa babu zao, na anayetaja kwingine huonekana hana adabu. Veneranda akataja Rumonge, kule Burundi, kwa heshima zote, na jioni ileile akapandishwa boti kupelekwa kambini.

Agnesi alimkasirikia sana kwa jibu lile. Angesema Mwamgongo tu, angepungukiwa nini? Lakini kila alipoinamisha kalamu aandike Rozalia, mkono ulikataa. Mama hakuwa mjinga. Hakutaka kuwakana wazee wake, basi. Na yeye sasa anaambiwa amkane mama ili apate cheti. Alikiona akilini cheti cha namna hiyo kimetundikwa ukutani, akajisikia vibaya.

Akamfuata Mwalimu Joanitha, mwalimu wa taaluma, mtu wa Bukoba asiyejua kucheka siku za kazi, akamweleza yote. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Akasema uraia wa baba unatosha, mradi iletwe barua ya mtendaji wa kijiji chake. Na mama akiandikwa, ni lazima atie sahihi mbele ya karani wa kambi. Mwisho ni Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu.

"Ukichelewa, mtihani mwakani," alisema. "Unaelewa?"

Agnesi alielewa. Pastory alimwonya asije kumlilia akikosa mtihani, naye akajibu kwa adabu kwamba hatalia. Jumanne akapanda boti ya Mwamgongo. Mtendaji alikuwa shambani, akamngoja hadi Jumatano mchana, akarudi Kigoma na barua. Alhamisi akapanda basi la kwenda kambini.

Veneranda alikuwa amekonda. Aliposomewa fomu na kusikia jina lake, aliifuta meza ya karani kwa kiganja ingawa ilikuwa safi.

"Ungeandika Rozalia, mwanangu. Mimi nisingekasirika."

"Mimi ningekasirika, mama."

Karani alivuta daftari lake, akauliza bila kuinua macho: "Kwenu wapi, mama?"

Swali lilelile. Veneranda akamtazama binti yake, midomo imemkauka. Agnesi aliona hofu ile na ikamuuma, kwa sababu aliijua jinsi ilivyoingia. Angeweza kumjibia. Hakumjibia. Alimshika mkono chini ya meza, akangoja.

"Rumonge," Veneranda alisema mwishowe, na sauti ikamtoka yote. "Na huyu niliyemzaa, kwao ni Mwamgongo, alikozikwa baba yake. Yaandike yote mawili."

Karani akayaandika, akagonga muhuri. Veneranda akachovya dole gumba kwenye wino na kulikandamiza pale penye mstari wa kumi na nne, kwa nguvu, kama mtu anayebandika kitu kisibanduke.

Ijumaa, kabla ya kengele ya saa nne, Mwalimu Joanitha aliipokea fomu, akaisoma mstari kwa mstari. Alipofika kwenye alama ya lile dole, aliitazama kidogo. Kisha akaandika namba ya mtihani kwenye kipande cha karatasi, akampa Agnesi, akamwambia arudi darasani.