Tairi za Misimu Yote

Kaka yangu Karoli hashindwi hoja, na ndiyo maana siku ile nilimkatia simu kabla hajamaliza. Alikuwa kwenye duka la matairi kule Okolona, Louisville, gari lake la umeme likiwa juu ya jeki. Tairi za zamani zilikuwa upara mtupu, na safari ya Buffalo haikuweza kungoja. Mama alikuwa anakufa. Muuzaji alimpa aina mbili achague: za theluji, au za misimu yote.

Nilimwambia achukue za theluji. Mdogo wetu Flavia, aliyekuwa anamuuguza Mama huko Buffalo, alimwambia vivyo hivyo, tena akamtumia picha ya mtaa wao, magari yamefukiwa hadi viooni. Karoli akatueleza kama anayefundisha katekisimu. Tairi za theluji zinang'ang'ania barabara, kwa hiyo zinakula chaji, na baridi nayo inakula chaji. Tungelazimika kusimama kuchaji mara nyingine tena njiani.

"Mama hana muda huo, Fides," alisema. "Nafunga za misimu yote, tufike mapema."

Asiyejua desturi yetu hawezi kuelewa haraka ile. Kwetu Warundi, mzazi anayeondoka huwaita watoto wake wote wakae karibu naye, akawausia: nani amwangalie nani, ugomvi upi uishe, nani abaki na baraka ipi. Mama alitulea peke yake katika kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania, kila kitu akitugawia sawa mbele ya wote, na wosia pia alitaka kutugawia hivyo. Flavia alipomwekea simu sikioni, aliisukuma. Alisema atatunza pumzi zake mpaka sote watatu tuwepo, akaagiza viti vitatu vipangwe kando ya kitanda. Mimi nilitaka jambo moja tu, anitaje. Mtoto wa katikati huzoea kurukwa.

Karoli alinipitia Columbus asubuhi, kwangu, nyuma ya maduka ya Morse Road. Mpaka Cleveland alikuwa anatamba. Tulikuwa tumesimama kuchaji mara moja tu, na kila baada ya muda alinionyesha kwenye skrini ya gari chaji iliyobaki. Nilikiri moyoni kwamba huenda alikuwa sahihi, nikachukia.

Theluji ilitupokea tulipopita Erie. Gari lile ni zito kwa sababu ya betri, na uzito ule ukishaanza kuteleza hausikii breki. Kwenye mteremko mmoja Karoli alikanyaga breki taratibu, kwa adabu kabisa, gari likaendelea tu. Likazunguka, likaingia mtaroni kinyumenyume, likatulia humo. Hatukuumia. Chaji ilikuwa bado tele.

Gari la kuvuta lilikuwa na foleni ya watu waliotutangulia. Tulikaa mle mtaroni mchana kutwa, tukitazama magari ya wenzetu yakipita polepole. Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, lakini alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani, anasali sala alizotufundisha Mama, na mimi sikuwa na nguvu hata ya kumkasirikia. Niliona kabisa kwamba hatutafika. Nilimpigia Flavia. Akasema Mama bado amenyamaza, macho hayaoni vizuri tena, anasikiliza mlango.

Tulipovutwa, tulitambaa hadi Buffalo. Jioni ilikuwa inaingia tulipokata kona ya mtaa wao. Flavia alikuwa ametuambia kwamba maegesho yamejaa theluji, anashuka kututafutia nafasi, na tulimkuta nje na koleo, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Alikuwa amesafisha mahali petu mpaka lami ikaonekana. "Kabla ya kushuka nimemwambia Mama kwamba mmefika," alisema. Tukapanda ngazi mbio.

Mama alikuwa amekwisha kufa. Viti vitatu vilikuwa mahali pake, na muuguzi aliyekuwa zamu, mwanamke mwenyeji wa Buffalo, alikuwa amesimama dirishani anafuta macho.

Alitusimulia kwa upole. Flavia alipotoka na mlango ukafungwa, Mama alifungua kinywa akaanza kuzungumza. Hakuwa anaweweseka. Alizungumza polepole, kwa sauti ya mtu aliyejipanga, akigeuza uso kwenye kiti cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Yeye muuguzi alidhani ni sala, akaona vibaya kumkatiza. Mama alipomaliza alifumba macho.

Flavia alimuuliza kama anakumbuka hata neno moja, japo sauti yake tu. Muuguzi akatikisa kichwa. Hakijui Kirundi, na hakuwahi kukisikia kabla ya kuja kumhudumia Mama.

"Kwenye kiti cha pili alikawia sana," alisema. "Alitabasamu pale."

Karoli alibaki mlangoni, theluji ikimyeyukia mabegani. Mimi nilikwenda nikakaa kwenye kiti cha pili.