Ukungu Kuzunguka Nukta Nyeupe

Televisheni ya Mwalimu Wilbrodi iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika tangu asubuhi. Ilitoa mlio mdogo kama wa chungu kinachopasuka, harufu ya plastiki ikajaa sebuleni, ikawa ndiyo basi. Binti yao Clara, anayefanya kazi Dodoma, alipopigiwa simu alicheka. "Baba, chagueni mnayoitaka, tena kubwa. Mimi nitaituma. Ila chagueni haraka."

Haraka hakuwa nayo Mwalimu. Alikuwa amefundisha fizikia maisha yake yote ya kazi, kwanza kwao Bukoba, kisha Bagamoyo, na tangu astaafu na kujenga Kerege hakuwa amepata jambo la kuchunguza kwa kina. Sasa amelipata. Alisoma kwenye simu asubuhi, akasoma tena baada ya chakula cha mchana, na jioni akamfuata mkewe Eufrazia aliyekuwa akichambua kunde ukumbini.

"Mama Clara, kumbe ziko za namna mbili. Ya kwanza, kioo chenyewe hakina mwanga. Kuna taa nyuma yake, na kioo kinafanya kazi ya pazia: kinafunga, kinafungua. Sasa pazia halizuii mwanga wote, kwa hiyo nyeusi inakuwa kijivu. Wakaona wagawe taa za nyuma kwa mafungu madogo madogo, penye giza fungu linazimwa. Hapo ni afadhali. Lakini kitu cheupe kikikaa kwenye giza, mwanga wa fungu lake unavuja pembeni, unaona kama ukungu."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni OLED. Haina taa nyuma. Kila chembe ya kioo inajiwasha na kujizima yenyewe. Nyeusi ni nyeusi kabisa, na ukungu hakuna. Hauwezi kuwepo."

"Na ipi inaonekana vizuri mtu akiwa jikoni?" aliuliza Eufrazia.

Mwalimu alirudi kwenye simu yake, maana hakuwa amelifikiria.

Dukani hakutaka kwenda. Alisema dukani kila televisheni imeongezwa rangi ili ikuvute mkono, na taa za darini zinaharibu kila kitu. Alitaka kuziona nyumbani mwa watu, mahali zinapotazamwa. Akakaa kwenye kompyuta yake akatengeneza kipande cha video: kioo cheusi tupu, na nukta moja nyeupe, kubwa kama limau, ikitembea polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Akakiweka kwenye flashi.

Walianzia kwa jirani yao Maulidi, mkulima wa mananasi, aliyenunua televisheni pana kuliko kitanda kwa ajili ya mpira. Ilikuwa ile ya taa za mafungu.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama. Karibuni, karibuni."

"Marahaba, Maulidi. Tumekuja kuiangalia televisheni yako, siyo kuangalia televisheni."

Maulidi hakuelewa tofauti yake lakini alifunga mapazia kama alivyoombwa. Nukta ikapita. Mwalimu akaegemea mbele, akafurahi. "Mmeuona ukungu? Mkubwa huo! Unaizunguka nukta kama mwezi wenye wingu."

"Mimi nauona kwa mbali sana," alisema Maulidi. Eufrazia naye alisema upo kidogo tu. Mwalimu akadhani wanamwonea haya mwenye nyumba, au mmoja wao anajionea haya mwenyewe.

Siku chache baadaye walikwenda Bagamoyo mjini kwa Bi Hafidha, mwenye nyumba ya wageni, ambaye Eufrazia, muuguzi mstaafu, alimfahamu tangu akiwa kazini. Sebule yake ya wageni ilikuwa na OLED, nyembamba kama ubao wa kukatia mboga. Bi Hafidha aliwakaribisha kwa juisi ya ukwaju, akavuta mapazia mazito, chumba kikaingia giza ingawa nje lilikuwa jua la saa sita. Mwalimu alichomeka flashi kwa heshima kabisa, kama mtu anayewasha mshumaa kanisani.

Nukta ikatokea. Ukungu ukatokea nayo.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu.

"Kuna nini?" aliuliza Bi Hafidha.

"Televisheni hii ina ukungu. Haitakiwi kuwa na ukungu. Una hakika hii ni OLED?"

"Mwalimu, mbona mimi sioni ukungu wowote? Naona kiduara cheupe kimekatika safi kama kwa mkasi." Alimgeukia Eufrazia. "Dada, wewe unaona?"

"Sioni," alisema Eufrazia taratibu. Hakuwa tena anatazama televisheni. Alikuwa anamtazama mumewe.

Mwalimu alisimama. Alisogea karibu, akarudi nyuma. Alibonyeza rimoti, nukta ikasimama katikati ya kioo. Alifumba jicho la kulia: ukungu ukapungua. Alifumba la kushoto: ukungu ukajaa, tena wenye vijiti vya mwanga kama miiba ya nungunungu. Kisha, la kushoto likiwa bado limefumbwa, alinyoosha mkono mbele na kuiziba nukta kwa kidole gumba, nukta peke yake, akiacha kioo kinachoizunguka wazi. Ukungu wote ukatoweka. Akaondoa kidole, ukarudi. Akaziba tena.

"Mwanafunzi wangu angefanya jaribio hili ningempa alama zote," alisema.

"Baba Clara, sema basi."

"Ukungu ungekuwa kwenye kioo, ningeuona pembeni mwa kidole hata nikiiziba nukta. Sasa nikiiziba, unakwenda wote. Mwanga wa nukta usipoingia jichoni, ukungu hakuna." Akaketi. "Haumo kwenye televisheni. Umo humu." Akajigusa shavu, chini ya jicho.

Bi Hafidha alifungua mapazia bila kuambiwa. Eufrazia ndiye aliyeanza, kwa sauti ya kazini, ile ya wodini. "Ndiyo maana umeacha kuendesha jioni."

"Nilisema taa za magari ya siku hizi ni kali."

"Ulisema. Nami nikakubali, muuguzi mzima."

Njiani kurudi Kerege Mwalimu alimwaza baba yake. Baba yake alimaliza maisha akiongozwa kwa mkono kwenda migombani, akipapasa majani ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwambia kilichompata ni nini. Mwalimu hakuwa amelitaja jambo hilo kwa miaka. Sasa alilitaja, na Eufrazia akalisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Kesho kutwa tunakwenda kuonana na daktari wa macho."

Daktari alikuwa kijana mchangamfu kule Dar es Salaam. Alimweka Mwalimu kidevu juu ya mashine, akamwangalia macho yote mawili. "Mtoto wa jicho, mzee. La kulia ndilo limezidi, la kushoto linafuata. Tunatoa lenzi iliyochafuka, tunaweka mpya. Lakini umejuaje mapema hivi? Wengi huja wakiwa wanagonga milango."

Mwalimu akamweleza habari ya nukta. Daktari aliomba arudie sehemu ya kidole gumba, akajaribu mwenyewe kwa taa ya mezani, akatikisa kichwa akicheka.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji, na kesho yake bandeji ikaondolewa. Mwalimu alikaa kitandani akitazama ukuta, kisha dirisha, kisha mkewe.

"Gauni hilo ni jipya?"

"Hili? Unaniona nalo kila Jumapili."

"Lina rangi gani?"

"Zambarau."

"Mimi nilijua ni la kahawia." Alifumba jicho jipya, akafumbua, akafumba la zamani, akafumbua. "Kahawia. Zambarau. Kahawia. Zambarau. Ajabu hii!"

Eufrazia alicheka mpaka akajifuta machozi na pindo la gauni lenyewe.

Walipopumzika vya kutosha, Mwalimu alitangaza kwamba vipimo vyote vya mwanzo vimefutwa, kwa sababu chombo cha kupimia kilikuwa kibovu. Wakarudi kwa Maulidi. Ukungu ulikuwepo kweli, lakini mwembamba, wa kutafutwa. Wakarudi kwa Bi Hafidha, na safari hii Mwalimu alipofumba jicho bovu aliona nukta nyeupe ikielea kwenye weusi usio na mwanzo wala mwisho. Alikaa mbele yake muda mrefu. "Nzuri," alisema. "Nzuri mno."

"Sasa zamu yangu," alisema Eufrazia, akaenda kufungua mapazia yote. Akaketi pembeni kabisa, upande wa mlango. "Rangi hazipauki hata nikiwa huku, hilo nakubali. Lakini hapo penye weusi wako naona dirisha, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Na ndani ya dirisha namwona mama mmoja mnene ameshika glasi ya juisi."

Bi Hafidha alikiri kwamba mchana huwa anafunga mapazia daima. Wageni wake wamezoea.

Mwalimu aliwaza sebule yao ya Kerege, madirisha mapana aliyoyachora mwenyewe ili upepo wa bahari upite, na jua la jioni linalofika mpaka kwenye kabati. Nani angefunga mapazia humo? Kuna watu wenye vyumba vya giza, nao wana haki ya OLED. Yeye alikuwa na nyumba yenye mwanga na mke anayetazama taarifa ya habari akiwa anakaanga samaki.

"Ya taa za mafungu," alisema hatimaye. "Ile yenye mwanga mkali kuliko zote, unaoshinda jua la dirishani. Ushahidi ndio unavyosema."

Ilipofika, Maulidi alikuja kusaidia kuitundika ukutani. Ikawashwa jua likiwa bado ndani, na picha ikaonekana wazi. Mwalimu alikwenda mpaka jikoni kupima. "Huku inapauka kidogo!" alipiga kelele.

"Lakini naiona," alijibu Eufrazia, aliyekuwa hapo hapo jikoni. "Haya, ondoka jikoni kwangu."

Ikabaki siku ya jicho la kushoto. Mwalimu alitaka kuomba iahirishwe mwezi mmoja, apate muda wa kulinganisha macho mawili vizuri, kwa kuwa nafasi kama hiyo mtu haipati tena. Eufrazia alichukua simu mkononi mwake na kumwambia muuguzi wa kliniki kwamba Jumanne watafika bila kukosa.

Jumatatu jioni alimkuta barazani, chai imepoa, jicho la kulia amelifunika kwa kiganja.

"Unaangalia nini?"

"Mpapai," alisema Mwalimu. "Nataka nikumbuke nilivyokuwa nikiuona."