Mwendo wa Nandonde

Askari walifika asubuhi, wanawake walipokuwa wanapanda kutoka bondeni na mitungi ya maji kichwani. Wakawafuata nyuma kimya kimya mpaka kijijini. Ndiyo maana hakuna aliyepiga yowe, wala mwanamume aliyewahi kukimbilia porini. Ulikuwa mwaka ule wa njaa uliofuata vita vya Maji Maji, na huku upande wa Newala watu walikuwa wanachimba ming'oko, viazi vya porini, ili watoto walale.

Walimtaka Sijaona. Jina walilipata Masasi kwa mtu aliyechapwa kiboko mpaka akalitapika: Sijaona wa kijiji kile alikuwa pamoja na waliochoma misheni. Jina walikuwa nalo. Sura hawakuwa nayo.

Akida Swalehe, mtu wa pwani mwenye tumbo lililomtangulia, akaketi kwenye kiti chake mbele ya chitala, lile banda ambamo wanaume huzungumza. Wanaume wakapangwa upande huu, wanawake na watoto upande ule.

"Sijaona ni nani?"

Kuku tu ndio waliojibu.

"Vizuri. Nitachukua watatu wowote, Mdachi akanyonge anayempenda."

Nandonde alikuwa katikati ya safu, mzee mwembamba, macho yake mbele. Hakuthubutu kugeuka, maana Sijaona alikuwa nyuma yake kidogo, anamsikia anavyohema. Sijaona alikuwa mtoto wa dada yake Pili. Na kwa Wamakonde mtoto wa dada ndiye wako hasa. Wa kumzaa mwenyewe ana wajomba zake.

Askari mmoja akainama, akamnong'oneza akida sikioni. Akida akacheka.

"Nandonde ni yupi?"

"Ni mimi, Bwana. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye unayevaa kinyago! Nasikia unajua mwendo wa kila mtu wa hapa. Nasikia hata mimi umeshanicheza, na tumbo langu hili."

Wanaume wakashusha macho kama waliovuliwa nguo. Neno lile halisemwi mbele ya wanawake. Mwenye kinyago, lipiko, ni mzimu, umetoka ardhini kuja kucheza vijana wanapotoka jandoni. Ndivyo mama zetu walivyoambiwa, na ndivyo watoto walivyoambiwa. Nandonde alikuwa ameuvaa ule uso wa mti tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hata mkewe, marehemu, hakupata kumwambia. Anayejulikana anavuliwa kinyago, hakivai tena mpaka kaburini.

"Mimi ni mkulima, Bwana," akasema.

"Mkulima, lima basi. Nichezee Sijaona anavyotembea. Kisha wanaume hawa watapita mmoja mmoja, nami nitamwona. Ukikataa, nachukua watatu, na wa kwanza ni wewe."

Nandonde akatazama upande wa wanawake. Pili alikuwa bado na mtungi kichwani; amesahau kuutua.

Sasa, mwendo wa Sijaona hata kipofu angeujua. Utotoni alikanyaga majivu yenye moto, na tangu hapo visigino vyake viliigusa ardhi kama vinaiomba ruhusa. Mjomba wake alikuwa amejaribu kumrithisha kazi ya lipiko, wakijificha porini, na kila mara walirudi wamenuniana.

"Unaiga miguu," Nandonde alikuwa akimgombeza. "Miguu ni mambo ya mwisho. Kwanza jua mtu huyu anaumwa wapi."

"Mjomba, na asiyeumwa?"

"Hayupo. Mtafute."

Nandonde akatoka kwenye safu.

Hatua ya kwanza ilimshinda. Jua lilimpiga usoni, naye hakujua uso aufanye nini. Miaka yote ile mti ulikuwa umemfanyia kazi hiyo. Chini yake yeye aliumia, alilia, alicheka, hakuna aliyeona. Leo akida alikuwa amemkazia macho, na Nandonde alihisi mdomo wake unacheza wenyewe kama wa mtoto mwongo.

Akafumba macho, akamtafuta mtu anayeumwa.

Akampata Mchopa. Mchopa alikuwa amekufa kwa njaa mwezi uliopita, na wote waliokuwapo pale walikwenda kumzika. Nandonde akashusha bega la kulia. Akaweka kiganja chini ya mbavu, pale ini lilipokuwa linamsumbua Mchopa. Akauburuta mguu, akasimama, akavuta kamasi, akaendelea. Kijiji kizima kikamwona marehemu anapita.

"Yarabi!" Mwanamke akapiga ukelele. Alikuwa Somoe, mjane wa Mchopa. "Huyo si..."

Akajiziba mdomo.

Akida akasimama. "Huyo si nani? Sema!"

Nandonde alibaki na mguu umening'inia. Nyuma yake hakusikia tena mtu akihema.

Somoe akatazama mguu ule. Akamtazama Pili. Kisha akajitupa chini, akagaragara.

"Huyo si ndiye mwenyewe! Jamani, Nandonde, umemuuza mwana wa dada yako! Huna haya, mzee wewe! Mate yangu hayo!" Akamtemea kweli.

Wanawake wengine wakapokea ukelele. Huyu akamwita mchawi, yule akamwita mbwa wa Mdachi, na Pili akaubwaga mtungi wake ukapasuka, maji ya nusu siku yakamezwa na mchanga. Akida akaketi ameridhika.

"Haya. Piteni."

Wanaume wakaanza kupita mbele ya kiti. Mrisho, mpiga ngoma, akapita. Akapita mzee kiwete, askari wakamshika, wakamkuta anaburuta mguu usio wenyewe, wakamwachia kwa teke. Nandonde alisimamishwa kando ya akida, akahesabu visigino; mwendo wowote wa ajabu ungemfanya akida aulize jina. Akawa anaomba kimoyomoyo: *kijana, usilete miguu. Usilete miguu.*

Zamu ya Sijaona ikafika.

Akatoka polepole. Shingo haikugeuka. Alipotaka kumtazama akida aligeuza kifua kizima, kama mtu anayechungulia kwenye tundu. Visigino vikashuka, vikakaa, vizito, vya mtu aliyezoea kubeba wazee wa kijiji kizima mgongoni. Nandonde akajiuliza huyu ni nani. Anamfahamu, hamjui jina. Mtu huyu anaumwa shingo, akawaza. Anaumwa na jambo asilolisema kwa mkewe.

Ndipo akatambua. Alikuwa anajitazama mwenyewe. Amecheza kila mtu, ila mwendo wake hakuwahi kuuona.

"Simama!" akida akasema. "Wewe na mzee huyu mna nini? Mnatembea sawasawa."

"Ni mjomba wangu, Bwana," Sijaona akajibu, na kifua kikageuka tena.

Akida akamtazama huyu, akamtazama yule. "Ukoo wa magogo," akasema. "Pita."

Hakupatikana mwenye mwendo wa Mchopa.

"Yuko wapi?" akida akafoka.

"Mwenye mwendo huo ametutoka, Bwana," Nandonde akasema. "Hatarudi."

Akida akaelewa kwamba amekimbia. Askari wakachoma ghala mbili, wakafunga mbuzi, wakashuka njia ya Masasi.

Siku ile ile wazee walikaa chitalani. Hawakumlaumu Nandonde, ila mila ni mila: ametajwa, amecheza mchana uso wazi, mbele ya wanawake. Yeye mwenyewe alikwenda kukitoa kinyago mafichoni, akakifuta vumbi kwa kanga ya marehemu mkewe, akawakabidhi.

Mavuno yalipotengemaa, vijana wakatoka jandoni. Mrisho akapiga ngoma, lipiko likatokea porini, shingo ngumu, kifua kikigeuka huku na huku. Nandonde alikaa na watazamaji, kwa mara ya kwanza tangu alipovaa kinyago, karibu na dada yake.

Watoto wakakimbia wakilia. Pili naye akakimbia, kwa makelele, mkono kifuani, kisha akarudi kuketi akihema.

"Mzimu gani huo, kaka?" akauliza, macho makavu kabisa. "Wa kutoka wapi?"

Nandonde akamtazama dada yake. Akawatazama Somoe na wenzake, walivyojificha nyuma ya vibanda wakitetemeka vizuri, kila msimu, tangu yeye kijana.

"Sijui, dada," akasema. "Ila anacheza."

"Anacheza," Pili akakubali. "Visigino tu bado kidogo."